Kadi Kumi na Saba za Chumba cha Plasta

Chumba cha Plasta,
Jengo la Mifupa, ghorofa ya chini.
Jumamosi, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumbani. U hali gani wewe, mume wako na mjukuu wangu? Kile kifua chake kimepona kweli, au bado anakohoa na nyinyi mnaniambia hajambo ili nisisumbuke? Nakujua. Ulipokuwa darasa la nne ulivunjika kidole ukakificha mfukoni siku mbili, mpaka nikakushika mkono kwa nguvu ndipo ukalia. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mke wangu analalamikia magoti, mimi nalalamikia malalamiko yake, na mama yako anatucheka sote wawili.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kuta za nyumba yetu zina masikio, na mama yako ana mawili ya kwake yanayosikia hadi jirani akikoroga chai. Nikishika simu tu, yuko mlangoni. Kazini nako benchi la wagonjwa husikia kila neno la simu, kwa hiyo nakuandikia nikiwa hapo, na bahasha nitaibandika gundi mara mbili. Nampa muuguzi wa wodi ya watoto anayekuja huko Jumatatu. Ni dada mwema, lakini anapenda habari za watu, hivyo ukiona bahasha imeguswa niambie.

Sasa tuje kwa mama yako. Unajua kwamba ule uvimbe wa juu ya goti la kushoto ulikatwa kipande kikapelekwa maabara, na jibu likawa saratani ya mfupa. Unajua pia kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoa kipande cha mfupa chenye ugonjwa na kuweka chuma mahali pake, mguu ubaki. Ya pili ni kuukata mguu pajani. Nami, kwa kiherehere changu, nikakutumia picha ya lile bango la utafiti lililobandikwa ukutani kwetu: wagonjwa arobaini na wanne wamewekewa chuma, na baada ya mwaka mmoja arobaini na mmoja wanatembea.

Jioni ile ile ukampigia mama yako ukamwambia asikubali kukatwa, kwamba ukija unataka umkute na miguu yake miwili. Sikulaumu. Hata mimi nilifurahi kwa muda wa kama saa moja hivi.

Halafu nikaanza kuwashwa kichwani. Wewe na ndugu zako mlikuwa mkiniita Mjomba Kwanini, na uzee haujaniponya. Arobaini na mmoja kati ya arobaini na wanne! Nimefunga plasta miaka ishirini na miwili, na katika mifupa sijawahi kuona hesabu nzuri namna hiyo. Usione vyaelea, vimeundwa. Nikajiambia lazima kuna mtu amepika kitu, na mimi nitamjua.

Niliowashuku kwanza ni watu wa maabara. Kipande cha mama yako kilikaa siku kumi na moja bila jibu, wakati nyama ya mgonjwa mwingine ilijibiwa kwa siku tatu. Nikasema wamekipoteza, au wamekichanganya na cha mtu. Nikaenda hadi kwa daktari wa maabara, mama mmoja mpole anayeweka miwani kwenye paji la uso kisha anaitafuta mezani. Hakukasirika. Alinieleza kuwa mfupa hulowekwa kwanza kwenye dawa kali mpaka ulainike, la sivyo kisu hakiwezi kuupasua vipande vyembamba vya kutazamwa. Akanionyesha chupa. Nililinganisha namba yake na ile niliyoiandika kwenye daftari langu, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Ilikuwa ya mama yako.

Akanikalisha kwenye hadubini. Niliona vidoa vya zambarau vimesongamana, sikuelewa kitu, nikatikisa kichwa kama msomi. Alichosema baadaye ndicho nilichokielewa. Saratani ya aina hii haisikii dawa wala mionzi. Tiba yake ni kuitoa yote pamoja na nyama nzima inayoizunguka pande zote. Kipande kikishatolewa, yeye hukipaka wino kwa nje, kisha hukichunguza kama ugonjwa umefika kwenye wino. Ukiwa mbali na wino, kingo ni safi na kuna tumaini. Ukigusa wino, kuna ugonjwa uliobaki mwilini, na mara nyingi hurudi.

Maabara nikawaondolea shaka, nikahamia kwa daktari bingwa wa upasuaji, mwenye utafiti wake. Huyu ni kijana, viatu vyake vinang'aa kupita kiasi, na huwatabasamia watu kabla hajawajua. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba amezipamba hesabu ili aalikwe mikutanoni. Nikamwendea muuguzi anayetunza karatasi za utafiti, tunayemwita Mama Fomu, nikaomba kuona orodha. Nilidhani atazunguka mbuyu. Alinipa faili palepale na kiti cha kukalia, jambo lililonifanya nimshuku na yeye.

Mwanangu, nilisoma faili lile tangu saa nne mpaka wenzangu wakaenda kula. Kila mgonjwa kadi yake imebandikwa humo. Mwishoni mwa kadi kuna muhuri wa siku aliyorudi kuonwa baada ya mwaka, na kando yake imeandikwa anatembea au hatembei. Mihuri mingi ilikuwa ya bluu, ya kliniki. Lakini mingine ilikuwa myekundu. Nikaihesabu ile myekundu, ikafika kumi na saba, na yote imeandikwa anatembea.

Hospitali nzima kuna muhuri mmoja tu mwekundu. Uko kwenye droo yangu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kliniki ya marudio iko ghorofa ya tatu, na lifti imekufa tangu mwaka juzi. Mgonjwa mwenye nguvu hupanda ngazi. Asiye na nguvu huja kwangu chini, anakaa kwenye benchi na magongo yake, jasho linamtoka. Kadi isipopigwa muhuri, siku nyingine anaanza foleni upya kama mgeni. Basi mimi nilikuwa nawahurumia. Nampigia muhuri wangu, namwambia aende nyumbani akapumzike, nitawaambia walioko juu. Kadi naiweka kwenye kikapu, na Ijumaa mhudumu hupandisha kikapu. Wapo ambao hawakuja hata wao wenyewe. Alikuja kaka au binti na kadi mkononi, akasema mgonjwa amechoka, nami nikapiga muhuri.

Walioko juu sikuwaambia. Siku ya kwanza nilisahau, siku ya pili nikaona ni jambo dogo, baadaye ikawa ndiyo desturi ya chumba changu. Na kule juu, Mama Fomu akiona kadi ina muhuri, alijua kwamba mtu ameonwa, na kwa kuwa kliniki iko ghorofa ya tatu, aliyeonwa amepanda ngazi, na aliyepanda ngazi anatembea. Akaandika hivyo kwa moyo safi. Naye hakuuliza kwa nini wino ni mwekundu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimtafuta mwizi nyumba nzima, nami nimeketi juu ya mzigo. Niliona haya, mpwa wangu. Niliona haya mpaka nikashindwa kula.

Nilipanda ngazi nikamwambia bingwa na Mama Fomu ukweli wote. Nilitegemea matusi, na pengine barua ya kufukuzwa. Mama Fomu alilia. Yule kijana akashuka mwenyewe na viatu vyake vile, akalibandua bango ukutani. Barua ya onyo nimeipata Jumatano, na nimeiona ni ya haki.

Siku tatu walipiga simu, na mimi nikiwa nao, tukawatafuta wale kumi na saba mmoja mmoja. Watano wamefariki. Tisa uvimbe umewarudia, na baadhi yao wamekatwa mguu baadaye, wakiwa wamedhoofika. Watatu tu ndio wanatembea, na hao kweli ni ngazi iliyowashinda. Daktari wa maabara akatoa majibu ya zamani ya wale kumi na wanne walioharibikiwa. Kumi na wawili kati yao, ugonjwa ulikuwa umegusa wino.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kiini cha habari kilipo. Picha ya mguu wa mama yako inaonyesha uvimbe umeuegemea mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti. Upande ule hakuna nafasi ya kupata ukingo safi na mguu ukabaki. Nilimuuliza bingwa kama angekuwa mama yake angefanyaje. Akasema, "Mzee, ningeukata mguu, nimbakize mama." Nilimtazama machoni nikitafuta uongo. Sikuuona, na mimi hutafuta sawasawa.

Juzi Alhamisi, baada ya chakula, nilimwambia mama yako kila kitu. Alikuwa anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa, hakuacha. Aliuliza swali moja tu, kati ya wale kumi na saba wangapi wako hai. Nikamjibu kumi na wawili, na kwamba wengi wao si wa muda mrefu. Akamaliza kukunja shuka, akaiweka juu ya nyingine.

"Basi waukate," akasema. "Ila sitii sahihi mpaka mwanangu aseme."

Nikamwambia yeye ni mtu mzima, mguu ni wake, sahihi ni yake. Akanijibu, "Aliniomba jambo moja tu, anikute na miguu miwili. Nikimnyima hilo, akija atanitazamaje?"

Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka ni dada yangu mkubwa. Nikampa mkono akainuka, tukaenda kunywa chai.

Fomu inatakiwa iwe na sahihi ifikapo Jumatatu ya tarehe 23, na upasuaji ni Jumatano yake. Daktari wa maabara anasema uvimbe hausubiri ratiba za watu. Mama yako hatakupigia wewe kwanza. Ataketi na simu mapajani, na akiulizwa atasema anaangalia saa.

Kwa hiyo mpwa wangu, ukimaliza kusoma, mpigie. Usimtajie hesabu, wala bango, wala wino. Hayo amekwisha kuyasikia na ameyaelewa kuliko mimi. Wala usilie sana, maana ukilia atadhani amekunyima kitu, naye atakataa kukatwa ili akurudishie. Mwambie kwamba ukija utamtafuta yeye, si miguu yake. Mimi nimejaribu kumwambia hivyo mara tatu, lakini kinywani mwangu maneno hayo hayana uzito. Picha iliyokufanya umwombe vile niliituma mimi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie baadaye, nitakuwepo.

Msalimie sana mkwe wetu, na umwambie upole wake bado nauchunguza, miaka sita haitoshi. Mbusu mjukuu wangu kwenye mashavu yote mawili. Mke wangu anakusalimu na anauliza lini utamletea dawa ya magoti. Kaka yako mkubwa anakusalimu. Dereva wa gari la wagonjwa, yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli, naye anakusalimu. Mama yako hajatuma salamu kwa sababu hajui kama naandika, au labda anajua na ananyamaza.

Mungu akulinde ugenini, akupe kauli nzuri siku utakapoishika simu, na atukutanishe sote mezani tukiwa hai.

Wako akupendaye bila shaka yoyote,

Mjomba wako