Maembe Yaliyolazwa kwenye Barafu

Timbwani, Likoni

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua, imewafikia huko Ribe? Sisi huku tu wazima. Danieli yuko kazini kama kawaida na Neema ameanza kuota jino. Lakini moyo wangu haujatulia tangu mavyaa, mamake Danieli, alipokutumia yale maneno kwa kinywa cha Karisa muuza mkaa, kwamba usije kwenye ubatizo wa Neema.

Nataka ujue yalivyokuwa. Karisa alipofika na kikapu chako cha maembe, mavyaa alikuwa Taita kwa binti yake. Nilifurahi mno, maana nilijua umemtumia yeye ili yale maneno mliyorushiana siku ya harusi yangu yaishe. Maembe yalikuwa yamekomaa ila bado magumu, nikahofia joto la Likoni litayaozesha kabla hajarudi. Danieli akasema, "Niachie mimi. Pale ghalani kwetu kazini nyama ya askari inakaa kwenye chumba cha barafu na haiharibiki. Maembe yatashindwaje?" Akamwomba msimamizi wake, akaruhusiwa. Nikabakisha machache kando ya mtungi. Yaliiva vizuri, tukala na jirani.

Mavyaa aliporudi, maembe yalitoka huko mabichi, ya kupendeza, utadhani yamechumwa asubuhi. Alifurahi, mama. Alisema, "Mama yako ana moyo." Akayafunika kwa majani makavu yapate kuiva. Lakini ganda liliingia vishimo na madoa meusi, na alipokata moja, ndani lilikuwa gumu, chachu, halina hata harufu ya embe.

"Haya ndiyo aliyoona yananifaa?" akaniuliza.

"Sivyo, mama. Yale tuliyokula sisi yalikuwa matamu sana."

Nilidhani namtuliza, kumbe namwasha.

"Mazuri mmekula nyinyi, mabovu mkaniwekea mimi!"

Karisa alipopita tena na mkaa wake, akampa maneno yale akuletee. Danieli alimsihi mamake, hakusikia.

Basi ubatizo ukafika bila wewe. Aliyempakata Neema badala yako ni mke wa mwalimu wa kanisa. Mimi nilikuwa nikiutazama mlango mpaka wimbo wa mwisho.

Binti yake mavyaa alikuja siku hiyo na mkungu wa ndizi mbichi kutoka Taita. Mavyaa akatundika vichane viwili jikoni, na vingine akamwambia Danieli avipeleke ghalani, zisiive zote kwa pamoja. Za jikoni zikawa manjano. Za ghalani zilirudi na rangi ya majivu, kisha zikawa nyeusi, na ndani ngumu vilevile.

Mavyaa alikaa mkekani akaziweka zote mbele yake.

"Mkungu ni mmoja, Rebeka."

"Ndiyo, mama."

"Basi ni ile baridi. Nyama inaipenda, lakini tunda la kwetu likilazwa mle kabla ya kuiva, haliivi tena." Akajifunika uso kwa leso. "Na mimi nimemzuia mwenzangu kumpakata mjukuu wake."

Ubatizo hauna mara ya pili.

Karisa anasema maneno yale yalikukuta ukimshonea Neema gauni, ukalikunja, ukaliweka kando. Hilo linaniuma kuliko yote. Mavyaa anasema ukali aliutuma kwa mtu, lakini radhi atakuja kuiomba mwenyewe, kwa miguu yake. Mvua ikikatika tutakuja sote. Amekuwa akiniuliza kila mara kama utamfungulia mlango, na nimemwambia utamfungulia. Usinifanye mwongo, mama. Na gauni limalizie, hata kama Neema atakuwa amelizidi.

Nisalimie baba mdogo anayepiga kengele ya kanisa, na shangazi Kadzo mfinyanzi, na dada yangu Yunisi akutunzaye. Mwambie asikuache uteke maji na mguu huo.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza,
Rebeka