Jina la Kuandikwa kwenye Cheti

Nebraska, 3 Machi

Mpendwa mdogo wangu Dorene,

Theluji haijaisha hapa. Shemeji yako Dale ametengeneza bomba la jikoni, na linavuja vilevile.

Umeuliza kama umlipie mwanao Garrick dola tisini ajiunge na hiyo jumuiya ya wanafunzi bora iliyomwandikia. Nimempigia Bi Pruitt, mshauri wa shuleni, akacheka: "Mama, hao wanamwandikia kila mtoto aliyejaza fomu yao siku ya mtihani! Chuo kitamuuliza amefanya nini, siyo amelipia nini." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaniomba radhi.

Januari Maribeth wangu naye aliletewa barua hiyo. Fomu aliijaza Oktoba, na Novemba tukamzika. "Hongera," walimwandikia, "safari yako ndiyo kwanza inaanza." Dale alisema, "Itupe, Lorraine." Nikamwambia nitaitupa.

Ndani mlikuwa na karatasi ya kujaza jina lake kamili, litakaloandikwa kwenye cheti. Mara ya mwisho kuulizwa jina hilo, aliyeuliza alikuwa mchonga jiwe la kaburi. Nikakaa mezani, nikaandika taratibu, Maribeth Joy Krause, nikatia na hundi.

Cheti kimefika jana, nimekitundika chumbani kwake. Dale aliingia, akakitazama, akaona kimekaa upande. Akakinyoosha, akatoka.

Wewe usilipe, Dorene. Wako bado ukimwita anaitika.

Dada yako,
Lorraine