Kadi Tatu za Njano

14 Barabara ya Quarry,
Alder Ridge, Connecticut.
Jumapili, 13 Oktoba 2019

Mpendwa Shangazi Solveig,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Manitoba? Natumaini umeacha kupanda ngazi ya stoo. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu Jumanne kuna jambo linanisumbua.

Unajua nimepata ukarani katika baraza la mji. Tangu Septemba tuna kampeni iitwayo "Tuseme kwa Upole". Kila bustani ina kibao chenye maneno hayo. Kwenye vikao, wasimamizi watatu hukaa mbele na kadi za njano. Wote watatu wakiziinua, kipaza sauti cha msemaji huzimwa. Anayekizima ni mimi.

Mwanzoni niliipenda, maana watu walikuwa wakizomeana. Sasa nina mashaka nayo.

Jumanne ilijadiliwa mipango ya nyumba kumi na mbili za kupanga, za kodi nafuu. Bi Odette Marchand, ambaye amepika shuleni kwetu miaka kumi na tisa na bado huja kazini kwa mabasi mawili kutoka nje ya mji, alisimama kuziombea. Mwenyekiti, Bwana Whitcombe, akamwambia huku akitabasamu, "Mama, tunakupenda sana. Ila si ungejisikia vizuri zaidi ukikaa na wenzako?"

Hakuna kadi iliyoinuliwa.

"Wenzangu ndio hawa, baba," akajibu Bi Odette. "Huyo mwenye kadi nimemlisha supu mpaka kaota ndevu! Kama mnanifukuza, nifukuzeni bila kunichekea."

Kadi tatu zikapanda. Mwenyekiti akanitazama. Nikabonyeza. Bi Odette aliendelea kusema, lakini katika ukumbi ule mkubwa sauti yake haikutufikia. Kisha akakunja karatasi yake, akaketi.

Kesho yake Bwana Whitcombe alikuja mezani kwangu. "Binti, andika tu kwamba alimaliza akaketi. Maneno makali ya nini?" Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, muda wangu wa majaribio kazini unaisha lini. Unaisha mwezi ujao, shangazi, na anajua. Kura ya nyumba ni Alhamisi, na wajumbe wawili ambao hawakuwepo watategemea muhtasari wangu.

Muhtasari huo unatakiwa kesho asubuhi. Nimeuandika mara nne. Wa kwanza ulisema alimaliza akaketi. Ulikuwa safi, usiomuudhi mtu. Nimeuchana.

Huu wa mwisho una maneno ya mwenyekiti na ya Bi Odette kama yalivyotamkwa. Chini yake nimeandika: "Karani Linnea Aasgaard alizima kipaza sauti kabla msemaji hajamaliza." Nimetia saini. Jina linasomeka.

Nisalimie Maren na wanawe, na Bibi Torhild. Mungu akulinde, alainishe na hilo goti. Baba usimwambie bado; lakini nitandikie kile kitanda cha chumba cha nyuma.

Nabaki mwanao akupendaye,
Linnea