Shingo ya Yaya Déogratias

Cimpunda, Kadutu
Bukavu
Tarehe 21 Novemba 1976

Mpendwa mdogo wangu Philémon,

Pokea salamu zangu, wewe na Anne-Marie na watoto. Mara ya mwisho uliniandikia kwamba mkubwa wenu ameshikwa na homa, na tangu hapo sijapata neno. Natumaini amepona na amerudi shuleni. Juu ya bahasha nimeandika Mushagalusa, jina lako la authenticité, lile serikali iliyotulazimisha, ili wakubwa wa kazini kwako wasipate la kusema. Humu ndani wewe ni Philémon, kwa sababu ndilo jina nililokuwa nikikuitia nikikukimbiza uoge.

Sisi tungali wazima kwa namna yetu. Mvua haitupi nafasi. Udongo wa Cimpunda unateremka kila mchana, na ukuta wa jiko la jirani umelala chini tangu wiki iliyopita. Wetu bado umesimama, umeinama kidogo. Miguu inanivimba nikitoka sokoni, lakini maharage hayajiuzi yenyewe. Binti yangu Agnès ananisaidia akimaliza kushona. Nimechoka, Philémon, na nakuambia hivyo mapema ili usije ukashangaa mbele kwa namna ninavyosema.

Kilichonishikisha kalamu ni yaya yetu, kaka yetu mkubwa Déogratias. Anakosa pumzi. Lile rovu la shingoni, goitre yake, limekua mpaka linambana koo. Hawezi tena kulala chini, analala amekaa kwenye kiti, na akipanda kutoka barabarani hadi hapa nyumbani anasimama mara nyingi akishika ukuta wa watu. Daktari amesema lazima akatwe, tena upesi, kwa sababu yule mpasuaji anayejua kazi hiyo atarudi kwao mwisho wa Januari. Asipokatwa, siku moja koo litafunga. Na yaya amekataa.

Utasema ni ukaidi wa uzee. Natamani ingekuwa hivyo, maana mkaidi nimezoea kumzungusha. Shida ni ile picha yake.

Wewe uliondoka kabla hajaichora, kwa hiyo hujui ilikotoka. Unakumbuka kazi ya yaya ilivyokuwa. Mtu analeta kipicha chake cha kitambulisho, yaya anamchora mkubwa kwenye kitambaa cha gunia la unga, ipate kutundikwa saluni, pale wageni wanapokaa. Na kwa kuwa nusu ya wateja tulitoka nao Idjwi, au ni wa huku milimani, nusu ya shingo zilikuwa na rovu. Hakuna aliyekuja bila kuomba, kwa sauti ya chini, kama anaungama: "Unyooshe shingo kidogo, papa." Yaya alinyoosha. Alinyoosha shingo za mabibi harusi, za walimu, za makatekista. Mimi mwenyewe kwenye picha yangu ya arusi nina shingo ambayo Mungu hakunipa. Hata ada ya shule yako ya Bagira ilitoka kwenye shingo hizo.

Kisha mama akafa. Hukufika, boti zilikuwa zimesimama, sikulaumu tena kwa hilo. Tulitaka picha ya kuweka mezani wakati wa matanga, na yaya akafunga mlango akachora. Alimchora mama vizuri sana, macho yale yale, kilemba kile cha manjano. Lakini mkono ulikuwa umezoea. Shingo ya mama aliinyoosha, na hakuna mtu aliyemwomba.

Siku ya pili ya matanga akaingia mama Apolline, yule rafiki wa mama wa tangu utoto, ametoka Idjwi kwa mtumbwi, amelowa. Akasogea mezani, akaitazama picha, akageuka kutuuliza: "Uyu ni mama gani? Miye nilikuya kulilia Nsimire." Watu walifikiri macho yake yamechoka. Wengine walicheka. Tukamwambia ndiye Nsimire, akatazama tena, akatikisa kichwa, akaenda kulia nje, peke yake, akiangalia ziwa. Aliishi na mama yetu tangu wote wawili hawana meno ya mbele, na hakumwona mahali popote mle ndani.

Watu wakatawanyika, yaya akabaki. Ndipo akaniambia: "Nilimukata mama shingo, Bibiane. Nilimukata na pinceau yangu ya rangi." Nilimwambia anyamaze, ale. Hakula.

Baada ya siku kadhaa akachukua kioo cha kabati la Martine, mkewe, akakiegemeza ukutani, akaanza kujichora. Alijichora na ile shati ya bluu, kola wazi, na rovu lote nje, mwanga umeliangukia lenyewe kabla ya uso. Hakuficha mshipa wala kunjo. Mkono mmoja ameuweka chini yake kama mtu anayeshika boga sokoni kupima uzito. Na macho yanakutazama wewe unayetazama, hayaombi kitu. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuifunika na kitenge changu. Mara ya pili nililia. Sijui picha, najua maharage, lakini ile ilinishika.

Na si mimi peke yangu. Watu walitoka Bagira na Minova kuja kuitazama mbele ya nyumba. Wenye goitre walikuwa wakisimama pale bila kufunga kitambaa shingoni. Mwalimu mmoja wa mjini akaiomba ipelekwe kwenye maonyesho Kinshasa. Ikaenda. Tukasikia imesifiwa redioni. Haijarudi mpaka leo, na kila anayeulizwa anasema aulizwe mwingine.

Hapo ingekuwa furaha, sivyo? Sikiliza sasa. Tangu siku ile yaya akakataa kunyoosha shingo ya mtu yeyote. Mteja anakuja, anaomba, yaya anamchora jinsi alivyo. Mabibi harusi walilia hapa mlangoni kwangu. Mabwana walirudisha picha. Hata Martine alimchora na jino lake lililovunjika, akadhani anampa heshima! Wateja wakaisha. Akaanza kuandika majina kwenye malori, kisha malori nayo yakaisha, ikabaki kasiksi, ile pombe ya ndizi. Martine alivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia, halafu akarudi kwao Minova. Simlaumu. Jino si kitu, ila sufuria tupu mwanamke anaichoka.

Katikati ya hayo wakaja watu wa afya, wale wa kampeni ya goitre. Walikuwa na fotografu ya ile picha, waliyoipiga Kinshasa. Wakamwomba ruhusa waichapishe. Yaya alidhani ni kwa ajili ya kitabu cha wachoraji. Alinyoa ndevu siku ile ya kutia sahihi, akavaa viatu. Zilipofika zile affiche, karatasi za kubandika ukutani, tuliiona picha yake imebandikwa kwenye mlango wa dispansere, na chini yake maneno makubwa: HII NI GOITRE. KUYA UPATE DAWA.

Sasa iko kila mahali, toka hapa mpaka Mwenga, na najua imefika hadi kwenu huko kusini. Nasikia imesaidia watu wengi na sikatai. Lakini watoto wa Kadutu wanamwita yaya Papa Affiche. Mchoraji mkubwa kuliko wote niliowahi kumwona, na uso wake unatumika kama onyo. Aliniambia: "Niliandika muntu, bao banasoma bugonjwa."

Ndiyo maana daktari aliposema akatwe, yaya alicheka mpaka pumzi ikamkatika. Tena wakaongeza neno ambalo wangelimeza: baada ya kumkata, watampiga fotografu nyingine wamweke kwenye affiche mpya, wa zamani upande huu na wa sasa upande ule. Alitoka mle ndani bila kofia yake.

Tumegombana mwezi mzima. Mimi nachambua maharage, yeye kwenye kiti chake. Nikamwambia: "Yaya, bakukate tu, upumue." Akasema: "Nilikatala kunyoosha shingo za bantu, sasa niende kunyoosha ya kwangu?" Nikasema: "Picha haipumuake, yaya. We njo unapumuaka." Akasema ile picha ndiyo kitu kimoja cha kweli alichofanya maishani, na akikatwa atakuwa ameikana. Nikamwambia ukweli wa maiti haunifai mimi, nishazika wengi, sina mtu wa kunisaidia kubeba mwingine. Nilimpigia kelele, Philémon. Mtu mgonjwa! Halafu nikampikia uji, kwa sababu ningefanya nini kingine.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Huyu Ramazani anayekuletea barua, mfanyabiashara wa Uvira unayemjua, alipita hapa mwanzo wa mwezi huu akitoka kwenu na vitambaa vyake. Tulikuwa tumesimama mlangoni. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba ile affiche iko kwenye dispansere ya kazini kwako. Kwamba siku moja alikuwa nawe pale, na wenzako walikuwa wakiichekea, na yeye kwa furaha ya kuona mtu wa kwao akasema mbele yao: "Uyu si yaya yako, Philémon?" Na kwamba wewe ulijibu: "Hapana. Simujui uyu muzee."

Nilikasirika siku nzima, kisha nikachoka hata kukasirika. Najua namna watu wa huko wanavyotucheka sisi wa Kivu. Najua una wakubwa, una wakwe, una suti uliyoiacha na abacost, vazi la wakubwa, uliyoishona badala yake. Mimi mwenyewe nilitaka kuifunika ile picha na kitenge, nimekuambia. Nilikuwa nimeamua kulimeza neno lile, lisifike kwako wala kwa yaya. Nilisahau tu kwamba mtu anayelala amekaa halali sana. Kiti chake kilikuwa nyuma ya mlango ule ule.

Hakuniambia kama alisikia. Alikaa nalo. Alianza kunyoa ndevu tena asubuhi, nikadhani ni dalili nzuri. Halafu leo, tumetoka misa, nimekaa na ungo wangu, akasema: "Andikia Philémon."

"Nimwandikie nini, yaya?"

"Umwambie nimekubali. Banikate."

Niliweka ungo chini. Nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti, akaninyamazisha na mkono. Alipumzika kidogo, maana maneno marefu yanammaliza. Kisha akasema, na ninakuandikia kama alivyosema, sikuongeza kitu:

"Lakini akuye kwanza, mbele ya banikate. Asilete kitu. Akae hapa, aniangalie muzuri. Alisema hanijui. Leo ile neno iko bongo tu, uongo wa mutoto mwenye kuona haya, miye namusamehea. Lakini bakishanikata, akisema vile tena, itakuwa kweli. Sipendi iwe kweli."

Hakulia. Mimi ndimi niliyelia, kwa ajili yenu wote wawili, na kwa ajili yangu pia kwa kuwa niko katikati.

Basi, Philémon. Chukua treni mpaka Kalemie, halafu boti mpaka Uvira. Ramazani anarudi huku mara tu baada ya Noeli na amekubali kusafiri nawe. Ameumia sana kwa lile neno alilolitoa, usimkasirikie. Kazini waambie una mgonjwa. Ukiulizwa ni nani, jibu utakalotoa ni lako, mimi sikuandikii la kusema.

Msalimie sana Anne-Marie, umwambie vile vitenge vilifika na nimekishona kimoja. Wabusu watoto. Agnès anakusalimu, anauliza kama bado unajua kupiga mluzi. Mama Apolline wa Idjwi naye anakusalimu, yungali hai, anatuletea viazi.

Mungu akuweke salama njiani juu ya reli na juu ya maji, na awafunike wa nyumbani mwako mpaka utakaporudi kwao.

Yaya ameandikwa kukatwa Jumanne ya pili ya Januari. Hospitali ilitaka kumlaza toka Ijumaa, amekataa. Amewaambia mpaka Jumatatu jioni atakuwa hapa kwenye kiti chake, amekaa akiangalia mlango, kola wazi.

Wako akupendaye, hata leo,

Dada yako Bibiane