Mume Wangu Anataka Nisimame Mbele ya Baiskeli Yake

Bibi mshauri, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla Jumamosi ya mwisho wa mwezi haijafika, kwa sababu ikifika sijui nitakuwa upande gani wa ndoa yangu, na nikisema upande sikosei, maana nyumbani kwetu sasa kuna pande mbili, upande wa breki za mume wangu na upande wa breki za shemeji yangu, mdogo wake, na hakuna anayeruhusiwa kukaa katikati.

Mume wangu ni fundi wa friji, shemeji ni karani wa bohari, na wote wawili wana baiskeli za milimani wanazoziendesha siku za mapumziko. Zamani walikuwa wakienda na kurudi wakicheka, lakini walipoweka breki za mafuta, zile zinazobana diski ya chuma katikati ya gurudumu, amani ikaisha, kwa sababu mume wangu alichagua zenye pistoni mbili na mafuta ya madini, akisema ni nyepesi na hazisumbui, na shemeji akachagua zenye pistoni nne, diski kubwa kama sahani na mafuta ya breki kama ya gari, akisema breki ni nguvu, mengine ni mapambo. Tangu hapo hatuli kwa utulivu. Shemeji akiingia, hata hajaketi, anasema, "Kaka, hizo zako ni za kwendea dukani kununua chumvi," na mume wangu anamjibu, "Afadhali mimi nafika dukani kimya kimya. Zako zikipata tone la maji, mtaa mzima unadhani kuna mbuzi amebanwa na mlango." Nami nimeketi hapo nimeshika mwiko.

Nyuma ya nyumba yetu, ukipita tanki la maji, kuna mteremko wa kokoto unaoishia kwenye ukuta wa ghala. Walianza kwa kuweka ndoo huko chini, ili atakayesimama karibu nayo zaidi bila kuigusa awe mshindi, mume wangu akaigonga, akasema ndoo ilisogezwa. Wakaweka boksi tupu la friji, shemeji akalipitia likapasuka, akasema mrija wa breki ya mbele ulikuwa umeingia hewa. Ndipo mume wangu akasema, "Tatizo ni kwamba ni boksi. Mtu akijua ni boksi hashiki breki kwa moyo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuweke mtu." Shemeji akadakia, "Mke wangu atasimama. Yule ananiamini." Basi mume wangu akanigeukia mbele ya wote, "Na wangu je?"

Bibi, nilisema naenda kuanua nguo kwa sababu mvua inanyesha, na mvua haikuwapo.

Tangu siku hiyo mara ananibembeleza, "Utasikia upepo tu, mke wangu, hata gauni halitaguswa," mara ananuna na kusema nikikataa atajua kwamba ninaziamini breki za mdogo wake kuliko zake. Mama mkwe naye amesema, "Baba yao angeniambia nisimame mbele ya lori ningesimama, na kofia yake ningemshikia." Mke wa shemeji, ambaye zamani tulikuwa tukisaidiana kukamua mashuka, siku hizi tukikutana kwenye kamba ya nguo tunasalimiana kila mmoja akitazama vibanio vyake.

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Baiskeli yangu ya kwendea kazini ni ya zamani, breki zake za raba zimekwisha na nikitaka kusimama naburuza kiatu, nilimwambia mume wangu akasema ataangalia, kwa hiyo mambo ya pistoni siyajui na sipendi kumbishia anayeyajua. Mume wangu si mtu mbaya. Naomba uniambie breki zipi ni bora kati ya hizo, ili nijue hatari yangu ni ya kiasi gani, na je, nisimame au nisisimame, na kama ni kusimama, nifumbe macho au nitazame?

Mpiga pasi


Mpiga pasi, marahaba.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zilizofika kabla yake. Walioachwa na wachumba wanaweza kungoja wiki moja. Mifupa haingoji.

Naanza na swali la breki, kwa kuwa umeliuliza kwa adabu, na kwa kuwa nyumbani kwako wapo wanaume wawili wanaolipigia kelele bila kulielewa. Pistoni nne na diski kubwa zina nguvu zaidi, tena hazilegei upesi kwa joto mtu anaposhuka mlima mrefu. Pistoni mbili ni nyepesi, na zinamtosha mtu asiye na mlima wa namna hiyo. Mafuta ya breki kama yale ya gari hunyonya unyevu, hivyo hubadilishwa mara kwa mara, na yakimwagika hubabua rangi. Ya madini hayana makuu, ila hayachanganywi kamwe na yale mengine, kwa sababu kila aina huharibu mipira iliyotengenezewa mwenzake. Basi. Ni mazungumzo ya kikombe kimoja cha chai, nao wameyafanya vita.

Tofauti hiyo huonekana kwenye mteremko mrefu wenye kona nyingi, wala si nyuma ya tanki lenu la maji. Juu ya kokoto, breki yoyote kati ya hizo italikamata gurudumu lisizunguke, na baiskeli itaendelea kwenda kama sabuni kwenye sakafu iliyolowa. Ndiyo maana mmoja aligonga ndoo na mwingine akapasua boksi. Wanajaribu kokoto, na mpaka leo hawajatambua.

Sasa tuitazame hoja ya mume wako, maana sijasoma hoja kama hiyo kwa muda mrefu. Anasema mtu akijua ni boksi hashiki breki kwa moyo. Kumbe breki alizozisifia mezani kila siku hazifanyi kazi mpaka mwendeshaji atishwe? Na friji za wateja, je, huzijaribu kwa kumfungia mtu ndani ili zigandishe kwa moyo? Kinachopimwa hapo si breki tena, ni woga wa mikono ya mume wako, na kipimo ni magoti yako.

Usidhani nitakupita wewe. Unauliza kama ufumbe macho. Mtu anayeuliza hivyo amekwisha kukubali kusimama, anachotafuta ni namna ya kugongwa kwa heshima. Unaniambia mume wako si mtu mbaya. Mimi sikusema ni mbaya. Nasema ni mpumbavu, na baiskeli inayoongozwa na mpumbavu mwenye roho nzuri inavunja mguu vilevile. Jibu ulikuwa nalo siku ulipokimbilia nguo zisizonyeshewa. Ulikosa tu kulitamka.

Lakini lililoniudhi kuliko yote umelipitisha katikati ya sentensi kana kwamba halina uzito. Mwanamume anayejua idadi ya pistoni za mdogo wake, na ukubwa wa diski zake, na sauti zinazotoa zikilowa, ana mke anayesimamisha baiskeli kwa kuburuza kiatu kila asubuhi katikati ya magari, naye "ataangalia". Raba mpya na waya mpya! Kazi hiyo haimalizi hata asubuhi moja. Kama anatamani sana mke wake aziamini breki zake, baiskeli ya kuanzia ipo hapo ukutani. Mwambie hivyo, na usimwongezee sukari.

Mama mkwe wako usibishane naye. Mwambie kwa heshima zote kwamba wanaume hawa wote wawili ni wanawe, kwa hiyo hawezi kupendelea, tena ndiye mwenye moyo wa kusimama mbele ya malori, basi nafasi hiyo inamfaa yeye kuliko sisi wadogo. Utaona jinsi mgongo utakavyoanza kumuuma kabla hujamaliza kusema.

Usisimame, binti yangu. Usisimame hata kando kidogo, wala usiende kuwashikia chupa za maji. Mume wako umwambie kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili tu, asipate kusema umemwaibisha. Sema, "Nakupenda, na sisimami." Akinuna, anune, mtu hafi kwa kununa. Akisema umechagua breki za mdogo wake, mwambie hutasimama mbele ya hizo pia, wala mbele ya baiskeli ya mtoto.

Amebaki mke wa shemeji yako, ambaye umemwandika kama mshindani wako. Irudie barua yako uisome. Aliyesema kwamba atasimama ni mume wake. Yeye mwenyewe hujamsikia akitamka neno hata moja, naye hajakusikia wewe. Kila mmoja wenu anaogopa kuwa ni yeye peke yake atakayekataa, na wanaume wale wanaishi kwa hofu hiyo. Mtafute leo, ukitoka kazini. Usimuulize yeye atafanya nini, maana swali hilo ameulizwa vya kutosha. Mwambie wewe utafanya nini. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kupumua.