Upana Mmoja Kuvuka Mpaka

412 Mtaa wa Cottonwood,
Tolley Creek, Iowa.
Jumatatu, 12 Juni 2023.

Mpendwa wifi yangu Marlys,

Pokea salamu za huku ulikozaliwa. U hali gani, na goti linasemaje? Mwanangu Craig aliniambia daktari amekuchoma sindano ya pili na kwamba sasa unapanda ngazi bila kumlilia Mungu kila hatua. Kama ni kweli nashukuru. Na joto la Arizona je? Juzi nimesikia kwenye redio kiwango chenu nikafunga dirisha kwa hofu, kana kwamba lingenifikia huku.

Mimi sijambo. Nakula, nalala, ila bega la kulia tangu ile operesheni halitaki kabisa kupita usawa wa sikio. Siku ya Kumbukumbu, mwishoni mwa Mei, nilimpelekea kaka yako Orrin maua kaburini, yale mekundu ya mama yenu yaliyo kando ya gereji. Nilimpa na salamu zako. Nyasi za makaburini zimekatwa vizuri sana, nikamwonea wivu.

Ndiyo, wifi, wivu. Nina swali na nakuomba usinicheke. Hivi mashine ya kukatia nyasi inachaguliwaje?

Najua unajiuliza nimepatwa na nini. Miaka arobaini na minne ya ndoa sikuwahi kufikiria nyasi hata siku moja. Jumamosi nilisikia mngurumo, mara kimya, mara Orrin kaingia na viatu vya kijani akitaka chai ya barafu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi nilikuwa naona vyaelea tu.

Baada ya mazishi wanaume wa kanisa walipangiana zamu, kama kawaida yao. Kuanzia nyasi zilipoamka mwezi wa nne walikuja wawili wawili, wakakata, wakala keki, wakaondoka. Siku ya Kumbukumbu ilipopita wakaacha, pia kama kawaida yao, kwa sababu mjane naye hufika siku akasimama mwenyewe. Siwalaumu. Lakini mvua ya wiki mbili hizi imeninyeshea mimi peke yangu, na sasa nyasi zinanifika kwenye kifundo cha mguu.

Nyasi zenyewe si kitu, wifi. Kinachonikosesha raha ni Craig. Unajua ana mapenzi na mimi, lakini mapenzi yake yana haraka. Ameshaona nyumba ya ghorofa karibu na kwake Des Moines, chumba kimoja na kibaraza cha kuweka kiti. Nikasema sihami. Akaniambia: "Mama, tusidanganyane. Nyasi zikikushinda, nyumba imekushinda."

Tukakubaliana hivi: tarehe nne Julai, Siku ya Uhuru, anakuja na watoto kuangalia fataki. Akikuta uwanja umetunzwa, na umetunzwa na mimi, si na kibarua, hatalitaja tena jambo hilo. Akikuta pori, nitampigia dalali wa nyumba mwenyewe. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa hasira zimeisha, ahadi imebaki.

Mashine ya Orrin ipo gerejini, nzima, na oili kaibadilisha mwenyewe msimu wa mwisho. Tatizo ni ile kamba ya kuwashia. Inataka bega, na bega ndilo sina. Niliivuta mara tatu, ya tatu nikakaa chini kwenye sakafu nikalia. Nakuambia wewe tu.

Basi nikaenda duka la vifaa. Nilidhani nitasema nataka mashine, nao watanipa mashine. Muuzaji akaniuliza: ya petroli au ya betri? Ya kusukuma au inayojivuta yenyewe? Nyasi zisagwe zirudi ardhini, zirushwe pembeni, au ziingie mfukoni? Uwanja una ukubwa gani? Una mteremko? Halafu upana: inchi ishirini, ishirini na moja, au ishirini na mbili? Nikamuuliza inchi moja ina tofauti gani. Akasema inategemea. Nikatoka na chakula cha ndege.

Nikaomba ushauri kanisani wakati wa kahawa, na hapo ndipo nilipojimaliza. Mmoja akaniapia kwamba betri huzimika katikati ya kazi na kukuacha uwanja umenyolewa nusu. Mwingine akasema petroli ni ya wazee waliokwisha kufa, kisha akakumbuka anaongea na nani, akaenda kujiongezea kahawa. Beverly, yule mpiga kinanda, ananisifia roboti lake linalokata peke yake. Lakini ni huyohuyo Beverly ambaye roboti lake lilimlia maua yake yote ya petunia na kukutwa limesimama barabarani mbele ya gari la posta. Craig naye kwa simu anasema ninunue ile ya kupanda, nikae kama dereva. Nimwambie nini? Pale nyuma panateremka hadi kijitoni. Nitaonekana nikienda, nisionekane nikirudi.

Kila mmoja ana hakika, na hakuna wawili wanaokubaliana. Nimeandika yote kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji. Kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kutoelewa. Kichwa kinaniwanga.

Na juu ya hayo yote kuna Duane Kessler.

Unamkumbuka Duane, jirani wa upande wa mashariki, mrefu, mwenye kofia ya duka la mbegu. Miaka thelathini na moja tumepakana naye bila ua wala ukuta, nyasi zake na zetu zinagusana. Ana mashine ya kupanda, na uwanja wake umenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Yeye hakuja hata siku moja na wale wa kanisa. Sawa, ni Mkatoliki, lakini ujirani hauna dhehebu. Alichofanya ni hiki: kila anapokata kwake, anavuka mpaka na kukata upande wangu mstari mmoja, upana mmoja tu wa mashine, kutoka barabarani hadi nyuma. Kisha anageuza anakwenda zake.

Hebu fikiria. Mtu ana mashine inayoweza kumaliza uwanja wangu kabla chai haijapoa. Anakata mstari mmoja, anaacha zilizobaki zimesimama kama nywele za mlevi, ili kila apitaye aone kwake palivyo safi na kwangu palivyo pachafu. Au ananionyesha mpaka anaoutamani? Nimewaza mpaka nikachoka. Ni dharau, ni choyo, ni nini? Orrin aliwahi kukuambia kama waligombana?

Jumamosi uvumilivu ukaniisha. Nilichukua vile vibendera vidogo vya manjano vilivyobaki kampuni ya gesi ilipokuja kuchimba, nikavichomeka kumi na vinne kwenye mpaka, kuanzia mbele mpaka nyuma. Jana Duane alikata. Alipovifikia alisimamisha mashine, akavitazama muda mrefu, akageuza. Hakuvuka. Nilitegemea nitafurahi, wifi, lakini nilishusha pazia nisivione.

Niandikie upesi. Wewe uliyemwaga kokoto mbele ya nyumba ukasahau habari za nyasi ndiye mwenye akili kati yetu.

Alhamisi.

Barua bado iko hapa chini ya kichupa cha chumvi, maana nilikosa stempu, na sasa nafurahi nilikosa. Mambo yamegeuka na sina hakika yamegeukia wapi, lakini nitayaweka kama yalivyotokea.

Jana baada ya chakula cha mchana mlango uligongwa. Ni Duane, kofia mkononi. Katika miaka yote hii sikumbuki kama amewahi kugonga mlango huu isipokuwa siku ya tufani. Nikamkaribisha, akakataa kuingia kwa sababu ya viatu. Nikamletea kahawa pale barazani, tukaongea habari za mahindi, tukaongea habari za mvua. Kahawa ikaisha. Kisha akasema, akiwa ameangalia vibendera, "Ardis, nimekukosea nini?"

Nikamwambia yote, wifi. Sikusaza kitu. Nikamwambia mstari wake mmoja unanidhalilisha, kwamba kama hataki kusaidia basi akae kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yalikuwa mekundu.

"Nilidhani unajua," akasema. "Ule mstari ni wetu, mimi na Orrin. Anayekata kwanza anamkatia mwenzake upana mmoja. Alianza yeye, mwaka ule niliovunjika mguu. Nami nikamrudishia. Hatukuwahi kuzungumza habari zake."

Miaka thelathini na moja, Marlys. Kila Jumamosi nikiosha vyombo kwenye dirisha lile linalotazama mashariki, nikiwaona wote wawili, na sikuona kitu. Nilijua kaka yako si mtu wa maneno. Sikujua kwamba alikuwa na mazungumzo yote hayo.

Nikamuuliza sasa kwa nini, alipoona nyasi zinanizidi, hakukata zote akamaliza. Alizungusha kofia mikononi kwa muda. "Nyasi za mtu hukati bila kuombwa," akasema. "Ningekata zote ningekuwa nimesema umeshindwa. Mimi sikuona kama umeshindwa."

Nilisema nitaondoa vibendera. Akasema hakuna haraka. Tulikuwa wawili pale barazani hatujui pa kuweka macho.

Alipokuwa akishuka ngazi nikamuuliza tu, kwa sababu swali lilikuwa limenikaa kichwani siku zote, mashine ya Orrin ilikuwa na upana gani. Alijibu bila kufikiri: inchi ishirini na moja.

Nikachukua gari moja kwa moja hadi dukani. Muuzaji aliponiona alijiandaa kwa vita. Nikamwambia nataka ya inchi ishirini na moja, isiyo na kamba, inayojivuta yenyewe taratibu, na mengine yote achague yeye kwa sababu mimi siyaelewi na sitayaelewa. Ikawa ya betri, inawaka kwa kubonyeza kitufe. Aliipakia garini mwenyewe, nadhani kwa shukrani.

Nimeichaji. Ina taa ya kijani na taa ya rangi ya chungwa. Ya kijani naielewa. Ya chungwa nimesoma kitabu chake mara mbili, sijui inalalamikia nini.

Jumamosi, asubuhi.

Nakuandikia nikiwa na viatu vya kijani, kwa hiyo nisamehe kama karatasi imechafuka.

Leo Duane aliwahi kukata kuliko kawaida. Nilikuwa dirishani na vyombo vyangu. Aliporudisha mashine gerejini nikaona kitu nikadhani macho yananidanganya. Uwanja wake wote ulikuwa umenyooka kama kawaida yake, ila pembeni, upande wake wa mpaka, ameacha mstari wa nyasi ndefu, upana mmoja, kutoka barabarani hadi nyuma. Duane huyu, ambaye huinuka kanisani kwao kunyoosha zulia.

Niliacha vyombo majini. Nikavua vibendera vyote kumi na vinne nikaviweka mfukoni mwa aproni. Nikabonyeza kitufe, mashine ikawaka, na mimi nikashtuka kuliko mashine. Sikuanza kwangu. Nilivuka mpaka nikakata ule mstari wake, kwanza, mpaka mwisho. Nilienda upande mara mbili na pale karibu na mti wake wa cheri pamebaki kama pametafunwa na mbuzi. Machozi yalinitoka njia nzima na sikuyafuta, kwa sababu ukiachia mpini inazimika.

Nilipogeuza nikamwona barazani kwake na kikombe. Aliinua kidole kimoja kunisalimu, basi. Nikainua changu. Kisha nikarudi kwetu na kuanza kazi. Kwenye mteremko wa kijitoni ilizimika ikawasha ile taa ya chungwa. Bado sijui ni nini. Nimeiacha ipumzike na mimi nimepumzika nikuandikie, kisha tutarudi sote wawili kumalizia. Craig na aje.

Nisalimie shemeji Walt, na umwambie asibebe ngazi peke yake. Msalimie Janelle na mapacha wake. Kitanda cha chumba cha nyuma kimetandikwa na kitabaki hivyo, uje wakati wowote goti litakapokuruhusu. Mungu akulinde na jua la huko, akutilie nguvu miguuni, na akupe majirani wema hata kama hawasemi.

Mimi wifi yako nikupendaye, mwenye nyumba hii bado,

Ardis