Mahali Kichwa Huitikia

Takwenya, Naserian. Salamu hiyo ya kwetu nimejiitikia "iko" mwenyewe, maana nyumba hapa Kitengela iko kimya tangu mjomba wako ahamie Rongai. Mbuzi wamebaki wawili. Mimi niko salama.

Unasema huko chuoni mmepewa fuvu, mkaligeuza, na upande wa chini una mifupa na matundu mengi hata hujui uanzie wapi. Anza na tundu kubwa, mama.

Nilipoolewa Kajiado nilipewa kichwa cha mbuzi nichemshe supu. Nikakipasua kwa shoka kuanzia chini, nikidhani mfupa wenye matundu ni laini. Supu ikajaa vipande kama changarawe. Nililia. Mama mkwe hakunigombeza. Alileta kichwa kingine, akakigeuza, akashika kidole changu akakiweka kwenye lile tundu ambalo ubongo hupitia kushuka mgongoni.

"Sasa gusa kando," akasema.

Kulikuwa na vinundu viwili, huku na huku, laini kama kokoto za mtoni.

"Kichwa kinakalia hapa kwa shingo. Ukiitikia mtu, ni hapa panasogea."

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, polepole, na mimi sikuwa nimesema neno. Nikaacha kulia.

Jana nilisoma barua yako kwa sauti jikoni. Kila ulipomaliza jambo niliitikia kwa kichwa, kama umekaa hapo mbele yangu.

Ukivigusa hivyo vinundu, hata kama wenzako wako hapo, niitikie kwa kichwa mara moja. Sitakuona, lakini niitikie.

Bibi yako, Koko.